Kifungu cha tisa na amri namba 126

Sanduku la kikundi chetu ni la bati, rangi yake ya bluu imeanza kubanduka, na lina makufuli matatu. Funguo ziko kwa watu watatu ambao hawakai nyumba moja wala hawatoki ukoo mmoja: mama muuza mchele, mzee mmoja wa kanisani na kijana fundi wa pikipiki. Sanduku lenyewe linalala kwa mweka hazina, ambaye hana ufunguo hata mmoja. Mimi ni katibu, nashika daftari na muhuri. Ndivyo tunavyoweka na kukopeshana hapa Makwale kila Jumapili baada ya ibada, watu 28, na mtindo wenyewe si wa kwetu peke yetu. Shirika la CARE lilianza na akina mama wa Niger mwaka 1991, ukasambaa Afrika nzima.

Katiba yetu imeandikwa kwa mkono kwenye kurasa sita za kaunta buku. Zamani ilikuwa na kifungu cha tisa. Kilisema kwamba mwanachama akipatwa na ugonjwa au msiba katikati ya wiki, wenye funguo wakutane wamfungulie, bila kungoja Jumapili. Kifungu cha huruma hicho, na tulikipitisha kwa makofi.

Masika ya mwaka mmoja, ambao siutaji kwa sababu mhusika bado tunasalimiana, mwenzetu alikisoma vizuri kuliko sisi tuliokiandika. Alikuwa na hisa za shilingi 20,000, na kwetu unakopa hadi mara tatu ya hisa zako. Akachukua mkopo wa dharura wa 60,000. Jumapili hela zote akanunulia hisa, zikawa 80,000. Katikati ya wiki, dharura tena: 240,000. Jumapili, hisa: 320,000. Wiki ya tatu alichukua 960,000, na safari hii hazikurudi kwenye sanduku. Zilivuka mpaka pale Kasumulu kwenye biashara ya mahindi iliyomharibikia. Tulipofungua daftari kumtafutia kosa, hatukuliona. Hakuna kifungu alichovunja. (Alilipa baadaye, misimu miwili ya kakao, na riba juu.)

Jioni ile tulikifuta kifungu cha tisa kwa kalamu nyekundu. Haikuchukua hata dakika kumi. Hakuna aliyesema kwamba shida ilikuwa kukosa kikomo, si huruma.

Nimeanza na kikoba kwa sababu ndiko nilikoelewa jambo ambalo kwa muda mrefu lilinipita. Siku za kazi mimi ni wakala wa pesa za simu, kibanda changu kiko kando ya barabara iendayo Ipinda. Mwaka 2024, bei ya kakao duniani ilipovuka dola 10,000 kwa tani, vijana walianza kuja kibandani na hela za mnada mfukoni wakiniuliza Bitcoin inanunuliwaje. Nilikuwa nawajibu kwa kutikisa kichwa. Benki Kuu ilishatoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazikubaliki nchini. Kisha Juni 2021, Rais Samia akiwa Mwanza akaitaka Benki Kuu ianze kujiandaa nazo, na sheria ya fedha ya 2024 ikaziwekea kodi ya zuio ya asilimia 3. Mtu wa kijijini aelewe nini hapo? Nikaona salama ni kunyamaza.

Likizo moja akaja mpwa wangu anayesomea kompyuta Mbeya. Akanikuta kwenye benchi, shikamoo mjomba, marahaba, akaniuliza habari za kikundi. Nikamweleza malumbano yetu ya kurudisha kifungu cha tisa. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mjomba, watu wa Bitcoin wana kesi hiyohiyo. Yao ina miaka kumi na zaidi."

Kwanza nilikuwa sijui kwamba pesa ile ina katiba. Nilidhani ni namba tu zinazohama kutoka simu hii kwenda simu ile, kama ninavyohamisha salio mimi. Kumbe kila kiasi cha Bitcoin kimefungiwa ndani ya masharti mafupi yanayoitwa skripti, na atakayetaka kukitumia lazima ayatimize masharti hayo mbele ya maelfu ya kompyuta, kila moja ikihakiki yenyewe. Masharti yanaandikwa kwa amri chache zenye namba. Hakuna ya kusema "rudia tena na tena"; kompyuta inasoma kutoka mwanzo hadi mwisho mara moja, basi.

Mpwa alinionyesha kwa visosi vya chai vya jirani yangu muuza chapati. Kazi yote inafanyika juu ya rundo la visosi: unaweka juu, unachukua juu, cha chini hukigusi. Anayetaka kutumia hela anaweka kisosi chenye sahihi yake ya kidijitali, halafu juu yake kisosi chenye ufunguo wake wa wazi. Amri ya kwanza inasema rudufu: ufunguo unakuwa na nakala yake. Ya pili inasema saga: nakala inapitishwa kwenye kinu cha hesabu, inatoka namba ambayo huwezi kuirudisha ilivyokuwa, kama usivyoweza kuurudisha unga uwe mahindi. Kisha inawekwa namba iliyoandikwa siku hela ilipofungiwa, na amri ya nne inasema linganisha. Zikitofautiana, mchezo umeisha. Zikifanana, visosi hivyo viwili vinaondolewa, inabaki sahihi na ufunguo, na amri ya mwisho inahakiki kwamba sahihi ni ya mwenye ufunguo. Amri tano tu. Hata makufuli yetu matatu yanaandikika: kuna amri inayodai sahihi mbili kati ya tatu, au tatu kati ya tatu.

Aliyeiandika Bitcoin, anayejulikana kwa jina la Satoshi Nakamoto na ambaye hakuna aliyemthibitisha ni nani, aliweka amri nyingi kuliko zinazotumika leo. Mwaka 2010 ulikuwa mbaya kwake. Katikati ya mwaka uligunduliwa udhaifu ambao ungemwezesha mtu kutumia hela ya mtu mwingine yeyote, na mwingine ambao ungezimisha kompyuta kwa amri moja ya kusogeza namba kushoto. Yote mawili yaliwahiwa kabla ya maafa. Tarehe 15 Agosti haikuwahiwa: mtu alitengeneza muamala ambao jumla yake ilizidi uwezo wa programu, hesabu ikajipindua, zikazaliwa sarafu zaidi ya bilioni 184 katika mfumo ambao mwisho wake ni milioni 21. Kwa saa chache programu ikarekebishwa na daftari likaandikwa upya bila muamala ule.

Agosti hiyohiyo amri 15 zilizimwa. Ya kuunganisha maneno, za kuyakata vipande, ya kuzidisha, ya kugawanya, ya kutafuta baki, za kuchezea biti. Satoshi hakuacha maelezo marefu. Desemba aliacha kuandika hadharani, na hadi leo skripti ya Bitcoin inajua kujumlisha na kutoa, lakini kuzidisha haijui. Mtoto wa darasa la tatu anaishinda.

Inayogombewa zaidi ni ile ya kuunganisha. Jina lake OP_CAT, namba yake 126. Inachukua visosi viwili vya juu na kuvimimina kwenye kimoja: "MAK" na "WALE" zinatoka "MAKWALE". Hiyo tu. Nilipomuuliza mpwa kitu kama hicho kinaweza kumdhuru nani, akachukua punje moja ya mchele kutoka kwenye gunia la mteja, akaiweka kwenye kisosi.

"Rudufu," akasema, akaweka kisosi cha pili chenye punje moja. "Unganisha." Punje mbili. "Rudufu, unganisha." Nne. Nane. Kumi na sita. Alipofika 128 nilimwambia aache, mchele si wetu. Akaniambia nimalize kwa kikokotoo cha simu. Ukirudufu na kuunganisha mara 40 unapata 1,099,511,627,776. Ukikisia punje 45,000 kwenye kilo moja, ni zaidi ya tani 24,000 za mchele juu ya kisosi cha chai. Kwenye kompyuta kila punje ni baiti moja, na maagizo yote ya kufikia hapo yanaenea kwenye baiti 80, fupi kuliko ujumbe wa kawaida wa simu. Kila kompyuta duniani inayohakiki muamala huo ingetakiwa kubeba mzigo huo kwenye kumbukumbu yake. Ingeanguka.

Nilimwona yule mwenzetu na hisa zake. Ishirini, themanini, mia tatu na ishirini.

Sasa angalia kinachofanana zaidi. Amri ilipoandikwa, hakukuwa na kikomo cha ukubwa wa kisosi. Leo kipo: baiti 520 kwa kipande, hakizidi. Ukianza na baiti moja ukairudufu na kuiunganisha, mara ya tisa una 512, na ya kumi inagonga mwamba, muamala unakataliwa. Hatari iliyoifukuza amri ile imeshazibwa kwa njia nyingine, ila amri yenyewe hakuna aliyeirudisha. Kalamu nyekundu ilibaki pale.

Kwa nini mtu aihangaikie? Hapa nilichelewa kuelewa. Kuunganisha kunaonekana kitu kidogo, lakini ndicho kinachokosekana kwenye mambo mengi makubwa. Chukua orodha ya wakulima 1,000 wa chama cha ushirika. Ukisaga jina la kila mmoja, ukaunganisha mawili mawili na kusaga tena, ukaendelea kupanda hivyo kama mti, juu kabisa unabaki na namba moja inayowakilisha orodha nzima. Baadaye, nikitaka kuthibitisha kwamba nimo, sihitaji kuonyesha majina yote. Naonyesha namba 10 tu za njiani na kila mtu anapanda mwenyewe mpaka juu. Wahandisi wanatumia ujanja huu kila mahali. Skripti ya Bitcoin haiwezi kuukagua, kwa kuwa inajua kusaga lakini haijui kuunganisha kabla ya kusaga. Una kinu, huna mkono wa kuchanganya nafaka.

Lingine ni la wenye akiba. Kwa sasa mwizi akipata ufunguo wako, hela imekwenda. Mwaka 2021 mtaalamu wa hesabu Andrew Poelstra alieleza kwamba kwa kutumia amri hii pamoja na aina mpya ya sahihi, skripti inaweza kuuona muamala unaojaribu kuitumia na kuuwekea masharti: hela hii itoke, lakini kwanza ikae siku mbili mahali pa kungojea, na katika siku hizo mwenye mali aweze kuirudisha nyumbani. Mtu wa Makwale aliyewahi kupigiwa simu na tapeli akisema "tuma kwenye namba hii" anajua siku mbili za kungojea zina thamani gani. Nimeshuhudia machozi kwenye kibanda changu kwa kukosa hata dakika tano.

Wapo waliokwisha kuirudisha, lakini si kwenye Bitcoin yenyewe. Bitcoin Cash, iliyojitenga Agosti 2017 baada ya ugomvi wa ukubwa wa bloku, yaani kurasa za daftari la miamala, iliiwasha tena tarehe 15 Mei 2018, pamoja na ya kugawanya na nyingine kadhaa. Ndugu wakagawanyika tena Novemba mwaka huo, na tawi jipya, Bitcoin SV, likarudisha hadi ya kuzidisha. Dunia haikuanguka. Mpwa aliona huo ni ushahidi wa kutosha. Mimi sikuona hivyo. Sanduku lenye hela kidogo haliwaiti wezi hodari, na kuona halijaibiwa hakukwambii kufuli lake ni zuri.

Kwenye Bitcoin, Ethan Heilman na Armin Sabouri waliandika pendekezo lililopewa namba 347 mwaka 2024. Wanaomba amri moja tu, yenye namba yake ileile 126, na kikomo kilekile cha baiti 520. Mistari ya programu ni michache, ungeweza kuinakili kwenye ukurasa mmoja wa kaunta buku. Rusty Russell, mtaalamu wa Australia, yeye anataka zaidi: zirudi zote, lakini kila muamala upewe bajeti ya kazi, ukiimaliza unakatwa, kama gari la mkaa linalopimwa uzito kwenye mizani.

Jinsi wanavyotaka kuipenyeza bila kuwavuruga wenye programu za zamani ndipo nilipovua kofia. Mwaka 2021 Bitcoin ilipata mabadiliko yaitwayo Taproot, na ndani yake waliacha makusudi namba nyingi za amri zisizo na kazi. Kanuni ilikuwa: ukikutana na namba hizi, pitisha, usiulize. Baadaye namba mojawapo, kama hiyo 126, ikipewa kazi, programu mpya inakagua kwa ukali, ya zamani inaendelea kusema pitisha, na hazigombani kwa kuwa kilichokubaliwa na mpya tayari kinakubalika kwa ya zamani. Ni kama katibu mwenye busara anayeruka mistari katika katiba kwa ajili ya wajukuu. Mimi sikuruka mstari hata mmoja.

Kinachobaki si kazi ya fundi. Nani anapitisha? Taproot ilitakiwa kuungwa mkono na wachimbaji, yaani wenye mashine zinazoandika bloku mpya, kwenye asilimia 90 ya bloku 2,016, kama wiki mbili za kazi, ikapita na kuanza kutumika Novemba 2021. Wachimbaji hao si wa Marekani na Asia tu. Hifadhi ya Virunga, kule Kivu Kaskazini ambako Kiswahili ni cha sokoni, ilianza mwaka 2020 kuchimba Bitcoin kwa umeme wa maji wa Luviro, ili hela isaidie hifadhi iliyokosa watalii. Kenya nako kampuni ya Gridless imefunga mashine kwenye mitambo midogo ya maji. Kwa hiyo ishara inaweza kutoka hata kwenye mto wa jirani. Lakini wachimbaji peke yao hawatoshi. Wenye kompyuta za kuhakiki wakikataa kupakua programu mpya, ishara ni kelele tu. Na hakuna mwenyekiti, hakuna Jumapili, hakuna akidi iliyoandikwa popote.

Wanaopinga nao wana hoja, na mpwa hakupenda niliposema hivyo. Ukiruhusu hela iwekewe masharti, unaweza kupata hela yenye masharti yasiyokwisha, inayokwenda tu kwa walioidhinishwa, kizazi hata kizazi. Pia wanatukumbusha Ethereum, pesa nyingine ya aina hii, iliyozaliwa na lugha isiyo na mipaka hiyo. Juni 2016 mtu mmoja alikuta mlango kwenye mkataba ulioitwa The DAO, akachota ether milioni 3.6 kwa kuomba alipwe tena kabla hajaandikwa kwamba amelipwa. Yeye naye aliusoma mkataba vizuri kuliko waliouandika. Hadi ninapoandika haya, namba 126 kwenye Bitcoin yenyewe bado imezimwa. Inawaka kwenye mtandao wa majaribio tu, ambako sarafu hazina thamani.

Kifungu cha tisa nacho tulikirudia, kwa sababu ya usiku mmoja wa Aprili. Mvua ilikuwa ya tatu mfululizo, barabara imefunikwa maji, na mtoto wa mwenzetu alipandwa na homa mpaka akawa hatambui watu. Mwenye bodaboda alitaka hela mkononi kabla hajaingia kwenye maji. Sanduku lilikuwa nyumba ya nne kutoka kwake, lina zaidi ya laki nane. Wenye funguo wote watatu walikuwa nyumbani wamelala. Katiba haikuwaruhusu. Alikopa kwa mtu wa riba, na mtoto, ndaga fijo (asante sana) kwa Mungu, alipona.

Nikaandika kifungu kipya: mkopo wa dharura usizidi 50,000, mara moja kwa mzunguko, na hela yake isinunue hisa. Nilijiona nimemaliza kazi. Jumapili iliyofuata mjadala ulichukua saa mbili na nusu. Aliyekipinga kwa nguvu si mbahili wala mgomvi, ni mama muuza mchele, mwenye ufunguo. "Ninyi mnapiga kura mchana," alisema. "Atakayegongewa saa nane za usiku ni mimi. Nikifungua, kesho mtaniuliza ugonjwa ulikuwa kweli au uongo. Nisipofungua, mtaniita muuaji." Hakuna aliyemjibu. Nilichungulia maandishi yangu mazuri yenye kikomo na kuona hayakumtaja popote.

Kubadili katiba kunataka theluthi mbili, yaani watu 19. Tulipata 17.

Jioni nikampigia mpwa, alikuwa amesharudi chuoni. Nikamweleza kura zilivyokwenda.

"Mmekosa wawili tu, mjomba," akasema. "Si mnawajua kwa majina?"

"Nawajua mpaka nyumba zao."

"Basi mna bahati. Sisi hatujui hata nani anahesabiwa."

Asubuhi nilipita kwa mama muuza mchele kununua kilo mbili. Tuliongea habari za mvua.